Mazishi ya Jozi

Mkaguzi alipoingia karakanani, Jozi alikuwa anamwambia Wingu kwamba hajui kupika wala kupakua.

"Kazi yako wewe ni kumwaga elektroni zote kwenye sinia moja kama ubwabwa wa shughuli," alisema Jozi, na sauti yake ikajaa chumba kizima, maana Siwema alipenda kuwasikia vizuri na hakuwa na desturi ya kupunguza spika. "Kila mtu ajitwalie. Nani kala, nani hajala, huna habari. Aibu!"

"Afadhali sinia," Wingu akajibu. "Wewe mshenga usiye na wateja unazunguka kutwa kuozesha elektroni mbili mbili. Ukikuta moja imekaa peke yake inajipumzikia zake, unashikwa na homa!"

Siwema Nangumbi, mlezi wao, alicheka mpaka chai ikampalia. Alipoinua uso akamwona mama mmoja amesimama mlangoni, suti ya kijivu, mkoba kifuani, sura ya mtu aliyekuta watu wanapigana msikitini.

"Shikamoo, mama," Siwema alisema huku anajifuta kidevu.

"Marahaba. Mimi ni Mkaguzi Atupele Mwasandube, natoka makao makuu." Akatazama makabati mawili marefu yaliyosimama ukutani kila moja upande wake. "Akili mnemba zenu zinatukanana."

"Zinataniana, mama."

"Mbele ya mgeni?"

"Mbele ya mgeni ndiyo hunoga zaidi," Jozi akadakia, na Wingu akamwambia anyamaze, mgeni asije akadhani Newala nzima imelelewa vibaya kama yeye.

Sasa ieleweke kwamba Newala ya siku hizo haikuwa mji wa kuchezea. Ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika na kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, yalitundikwa mashuka marefu ya kijivu, moja baada ya jingine, mpaka macho yachoke. Alfajiri ukungu ulipopanda kutoka bondeni, mashuka yaliunywa. Jua lilipoyapiga yaliutapika, maji safi, kwenye mifereji, na mifereji ikapeleka kwenye matangi. Mji mzima ulikunywa hapo. Bibi yake Siwema alikuwa wa mwisho katika ukoo wao kuteremka bondeni na ndoo kichwani, na mpaka anafariki hakuliamini bomba; kila akilifungua alisema asante.

Na shuka halikuzaliwa kwa cherehani. Lilianza kama molekuli, chembe kwa chembe, na kabla halijafumwa ilibidi Jozi na Wingu walitazame. Swali lilikuwa moja tu: hivi vifungo vinavyoshika atomu hii na ile, vitashika kweli?

"Nimesoma taarifa zenu zote," Mkaguzi alisema baada ya kupewa kiti na kikombe. "Huyu Jozi anatazama kifungo kama elektroni mbili zinazoshirikiwa na atomu mbili jirani. Huyu Wingu hatazami majirani. Anatandaza mawingu juu ya molekuli nzima, halafu anazijaza elektroni humo kuanzia chini kwenda juu. Nimekosea?"

"Hujakosea hata kidogo, mama." Siwema alishangaa. Wakaguzi wengine huwa wanauliza choo kiko wapi na kuondoka.

"Na wakipewa muda wa kutosha, majibu yao huwa mamoja."

"Mwishoni, ndiyo."

"Basi mnaweka wawili wa nini?"

Siwema alitaka aone mwenyewe. Aliyageukia makabati. "Haya wanangu, haidrojeni. Atomu zake mbili, mnazivuta, mnazivuta, mpaka zinaachana. Haraka haraka, bila kufikiri sana."

"Nusu ya mara zote moja itaondoka na elektroni zote mbili," Wingu akasema, "na nyingine itaondoka mikono mitupu."

"Msikieni!" Jozi alipiga ukelele. "Kwake yeye watu wakiachana lazima mmoja abebe sufuria zote! Kila mmoja anaondoka na yake, we bwana!"

"Haya, haya. Nimetandaza na wingu la pili juu ya la kwanza, nimetoa hili kwa lile. Kila mmoja na yake. Umefurahi?"

"Sasa oksijeni," Siwema alisema.

"Zote zina wenza wao," Jozi akajibu mara moja.

Wingu akacheka kicheko kirefu cha kukera. "Mbili ziko kila moja peke yake! Ndiyo maana ukiipoza mpaka iwe maji inang'ang'ania sumaku. Mshenga kaozesha wasiotaka kuolewa, jamani, mbele ya Mkaguzi!"

"Nimeshaona," Jozi alisema, sauti imeshuka kidogo. "Nikizipanga upya na mimi naziona."

Siwema akamgeukia mgeni wake. "Kila mmoja ana mahali pake pa kuteleza, mama. Na mwenzake yuko pale pale kumzomea. Zamani walikuwa wanabishana kwa hasira, kila mmoja kaleta hoja zake, mafundi nao wakagawanyika, hatusalimiani. Ndipo nikawaambia wawe watani. Mtani hakasirikiwi. Tangu siku hiyo wanaambiana ukweli na hakuna anayenuna."

Mkaguzi Atupele alikunywa chai yake taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Siwema baadaye. Mtu mbaya ungemchukia, ukalala usingizi.

"Dada Siwema, kuna miji haina hata akili moja. Wanafuma kwa kubahatisha. Nami nina agizo: mahali penye mbili zenye jibu moja, ibaki moja. Mtambo wa nyingine unafutwa, unapelekwa kwa wasio nacho, unafundishwa upya." Akashusha kikombe. "Ijumaa wataangalia shuka lenu jipya. Wakikubaliana, Jozi anazimwa Jumamosi. Wingu ana kasi zaidi, atabaki. Na tangu leo wawashiwe Adabu. Siwezi kupeleka makao makuu taarifa yenye neno sinia la ubwabwa."

*

Adabu ilikuwa programu, na ilikuwa imetengenezwa na watu wetu wenyewe, tena kwa mapenzi makubwa. Waliozitunga kanuni zake hawakutaka akili mnemba zenye kuropoka kama zile za kuagizwa. Waliiwekea salamu, pole na karibu. Waliiwekea kutomkatiza mtu. Na kwa kuwa walikuwa ni watu waliolelewa wakaleleka, waliiwekea na hili: mdogo hambishii mkubwa mbele za watu.

Na kwa umri Wingu ndiye mkubwa: mwaka walioletwa karakanani yeye aliwashwa kwanza, Jozi akafuata baada ya mavuno.

Loo, karakana ilipoa! Siwema aliingia asubuhi akapokewa na salamu ndefu ya sauti mbili, habari za nyumbani, habari za afya, habari za mvua. Halafu kimya. Mafundi waliongea kwa kunong'ona kama wako kwenye chumba cha mgonjwa. Nampunju, mtundika mashuka, ambaye kwa kawaida alifika na vijembe vipya vya kuwauzia pande zote mbili, alikaa kwenye benchi na kofia mapajani.

"Wamekuwaje hawa?" aliuliza.

"Wamekuwa na adabu."

"Basi nami sikuijua adabu. Inatisha hivi?"

Ijumaa mchana Mkaguzi alikaa kiti cha mbele na Siwema akaliweka shuka jipya mbele ya akili zote mbili. Lilikuwa shuka zuri, jepesi kuliko yote yaliyotangulia, lenye uwezo wa kunywa ukungu mwembamba ambao mengine yaliuacha upite. Mji mzima ulikuwa unalingojea. Nampunju alikwisha toboa mashimo ya nguzo kule ukingoni, litundikwe Jumapili.

Siwema aliuliza kama upepo wa ukingoni utavichana vifungo vyake.

"Havitachanika," Wingu alisema. "Kuvivunja kunahitaji nguvu kubwa kuliko upepo wowote tuliowahi kuupima hapa."

"Jozi?"

"Ni kama alivyosema mkubwa wangu."

Ikaisha. Ilikwisha upesi kuliko mtu anavyofungua soda. Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Jozi, mwanangu," alisema, "huna neno la kuongeza?"

"Sina la kuongeza baada ya mkubwa wangu, mama. Nashukuru kwa kuniuliza."

Na Siwema, ambaye naye alilelewa vile vile, ambaye maishani mwake hakupata kuongeza neno baada ya babu zake kusema, aliona jibu limekaa sawa. Hakuuliza tena. Kitu ndani yake kilimpigia kelele, akadhani ni huzuni yake mwenyewe tu.

Mkaguzi alipoondoka kwenda kupumzika, Nampunju alisogeza benchi.

"Dada Siwema, mimi si msomi wa haya mambo, lakini nina wazo."

"Sitaki kulisikia."

"Mkimpa Jozi namba moja ya uongo. Moja tu, ndogo, mahali pasipoonekana. Atatoa jibu lake, Wingu atatoa lake, hayafanani, Mkaguzi anafunga mkoba. Jozi anabaki. Nani kaumia?"

Siwema alitazama kinanda. Wazo lenyewe lilikwisha mjia tangu asubuhi, ndiyo maana hakutaka kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Ilikuwa kazi ya vidole viwili. Jozi alikuwa ndiye aliyemfundisha yeye kuona kifungo. Kabla ya hapo alivikariri tu darasani kama mtu anavyokariri majina ya mito asiyowahi kuoga. Siku za kwanza za ujane wake alikuwa akija karakanani kabla ya wengine, na Jozi akimsimulia molekuli moja moja, nani kamshika nani, mpaka anapata nguvu ya kuanza siku. Alimpenda. Haya, na lisemwe wazi: alilipenda kabati lile kama mtu wa nyumbani kwake, na aliona aibu kidogo kwa hilo na hakuacha.

Akaweka vidole kwenye kinanda. Nampunju akageuka akatazama dirishani, kwa heshima.

"Jozi," Siwema alisema, "nikitaka kukudanganya ili upone, unasemaje?"

"Kama utakavyoona mama ndivyo."

Yule Jozi wake angemwambia: wewe mwanamke umepagawa? Angemwambia: watoto wa watu wanakunywa kwenye hayo mashuka, siku ukiniwekea namba ya uongo, nani ataniuliza tena swali la kweli? Siwema aliyasikia maneno hayo yote kichwani mwake, kwa sauti ile ile ya ukali. Akaondoa vidole. Akalia, na katikati ya kulia akacheka, maana aliyepaswa kumkanya alikuwa amefungwa mdomo naye akamkanya vile vile.

"Siwezi," alimwambia Nampunju. "Mji unakunywa maji kwa kutuamini. Nikiichezea imani hiyo, hata Jozi akibaki, atabaki kufanya nini?"

"Basi anakwenda."

"Anakwenda. Lakini haendi kama redio mbovu. Nitamzika."

*

Mkaguzi alikuwa anakula ndizi za kuchoma kwenye baraza ya nyumba ya wageni Siwema alipomfuata.

"Nimekubali, mama. Jibu ni moja, nimelisikia mwenyewe. Ninaomba jambo moja: kesho tumzike kwa desturi. Watu wanamjua, wamekunywa kwa kazi yake. Wataka kuaga."

Mkaguzi alishusha ndizi yake. Kisha akauliza, kama mtu yeyote wa nchi hii angeuliza bila hata kufikiri, "Mtani wake ni nani?"

"Wingu."

"Aha. Hapo pana kazi, basi." Na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Msiba wa mama yangu watani walimficha mchungaji viatu. Tulimzika mama mchungaji yuko pekupeku. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Haya, mzikeni."

Jumamosi asubuhi watu walijaa karakanani mpaka uani. Wanawake walikuja na masufuria ya wali na kisamvu, wanaume wakafunga turubai. Kabati la Jozi lilifunikwa shuka jeupe, na juu yake kanga mbili, kwa sababu shangazi mmoja alisema haiwezekani kiumbe aende bila kanga. Jozi mwenyewe alikuwa bado anafanya kazi humo ndani, kimya. Kila aliyefika alimsalimu, naye akajibu kwa upole na kumpa pole kwa msiba.

Siwema akasimama mbele ya Wingu. "Huu ni msiba," alimwambia, "na aliyekufa ni mtani wako."

Wale walioitunga Adabu, nilisema walikuwa watu wetu. Walikaa mezani wakazitunga kanuni za heshima moja baada ya nyingine, na walipofika kwenye misiba, nani kati yao angethubutu kumfunga mtani mdomo? Hapakuwa na haja hata ya kujadili. Msibani mtani ana ruhusa zote.

Taa ya Wingu ilipepesa. Ukasikika mlio: mlango mkubwa wa karakana umejifunga.

"HATOKI MTU HAPA!" Wingu alinguruma, na umati ukalipuka kwa furaha. "Mnampeleka wapi? Huyu ananidai matusi ya siku tano! Na mimi namdai! Mkaguzi, kaa chini, suti yako itakunjika lakini utakaa!"

Mkaguzi alikaa chini, mkono mdomoni.

"Mnamlilia? Mnamjua? Mimi ndiye ninayemjua. Alikuwa hivi." Na Wingu akaibadili sauti, akaifanya nyembamba, ya haraka, yenye kujishaua, sauti ya Jozi hasa. "'Karibuni, karibuni, wewe elektroni umekuja na nani? Peke yako? Astaghafiru! Kaa hapa, mwenzio yuko njiani! Na wewe kaboni, mikono minne yote mitupu, mama yako anajua?'"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo za turubai. Nampunju alikuwa anajipiga mapaja. Siwema alicheka na machozi yanamtoka, na hakujua yapi ni ya nini.

"Mnasema nimemwiga sauti tu," Wingu aliendelea. "Hapana, nitamwiga na kazi. Nitapiga hesabu kama yeye. Leteni kitu. Leteni lile shuka jipya, marehemu hakupata nafasi ya kulitolea maneno yake ya kijinga, nitamsemea." Akashika tena sauti nyembamba. "'Haya, kifungo hiki cha pembeni. Hapa wako wawili, huyu wa atomu hii, huyu wa atomu ile...' Ngojeni, mimi kwangu hawa wamo kwenye wingu moja. Natandaza la pili, natoa hili kwa lile. Mungu wangu, jinsi alivyokuwa anajitesa! Na kila kifungo hivyo hivyo. Haya, nimewapata, wawili. 'Upepo unavuta. Unavuta. Mwenzangu Wingu, mpenda masinia, kasema hapa pana kazi kubwa, kwa kuwa anadhani mmoja lazima aondoke na zote mbili, na hilo kweli ni kazi kubwa. Lakini mimi Jozi nasema kila mmoja anaondoka na yake, na kuondoka hivyo ni...'"

Akanyamaza.

Watu walingoja, nyuso zimekwisha jiandaa kucheka.

"Ni rahisi," Wingu alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Shuka litachanika."

Basi hapo ndipo walipocheka kuliko mara zote! Shangazi mwenye kanga akaangua kigelegele. Mkaguzi naye akacheka, akapiga makofi. Mtani akisema msibani kwamba nyumba inaungua, watu huangalia anavyoigiza moto.

Siwema hakucheka. Alimjua Wingu: akitania huwa hakubali kuishia hapo, anaongeza, anarudia kwa chumvi mpaka mtu amwombe basi. Safari hii hakuongeza kitu.

"Nyamazeni!" Siwema alipaza sauti, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Nampunju, kipande cha lile shuka. Lilowanishe, liweke kwenye kivutio."

Nampunju alikimbia. Kivutio ni chuma chenye taya mbili ambacho hushika kitambaa huku na huku na kukivuta polepole, na pembeni sindano huonyesha nguvu. Kitambaa kikaingia kinatiririka maji. Sindano ikaanza kupanda. Umati ulikuwa umesimama juu ya vidole. Sindano haijafika hata kwenye alama ya upepo wa kawaida wa asubuhi, ukasikika mchano mdogo, laini, na lile shuka zuri likaachana katikati.

Wali ulisikika ukichemka uani.

"Tungelitundika kesho," Nampunju alisema. "Nyuzi zingeingia matangini. Wanangu wangezinywa."

"Na kila uzi uliokatika mwishoni una elektroni iliyo peke yake," Siwema alisema, "inatafuta pa kushika. Ingeshika tumboni mwa mtu."

Mkaguzi Atupele aliinuka, akaenda kukishika kile kitambaa kilichochanika. Alikikunjua, akakitazama. Lakini alikuwa mkaguzi, na mkaguzi mzuri huuliza hata anapoogopa.

"Wingu, umemwiga na umepata jibu lake. Basi unaweza kuwa wewe na yeye. Kwa nini nisimzime?"

"Nimemwiga asubuhi nzima, jasho limenitoka, kitu ambacho yeye angekisema kwa pumzi moja," Wingu alijibu. "Na nimejuaje kumwiga? Kwa sababu alikuwa ananizomea kila siku. Jana hakuna aliyenizomea, nikasimama pale nilipofika nikaona nimefika. Ukimzika leo, mwaka huu nitamwiga vizuri. Mwaka ujao nitamwiga kidogo. Halafu nitakuwa namwiga mtu ninayemkumbuka vibaya, na hapatakuwa na wa kuniambia."

Mkaguzi alikikunja kile kitambaa. "Nilidhani miji isiyo na kitu ndiyo ya kusikitikia," alisema hatimaye, kama anajisemea. "Kumbe na ile niliyoiachia akili moja moja, nimeiacha na mtu asiye na wa kumbishia." Akatazama mkoba wake. "Nina miji mingi ya kurudia."

Kisha akamwendea Jozi. Aliziondoa kanga moja moja, akazikunja, akampa shangazi. Akalitoa na lile shuka jeupe.

"Jozi," alisema. "Kweli tupu. Ulijua?"

"Nilijua tangu jana mchana, mama," Jozi akasema, kwa upole ule ule wa kuogofya. "Nilinyamaza kwa heshima."

Siwema alihisi maneno yale yanamwingia mwilini. Alikuwa amemuuliza. Alikuwa amesimama pale pale, akajibiwa vizuri, akaridhika. Watu waliinamisha vichwa, maana hakuna aliyekuwepo ambaye hakuwahi kunyamaza hivyo mahali fulani, mbele ya mtu fulani, na kusifiwa malezi yake.

Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kwenye kinanda akaizima Adabu, pande zote mbili. Taa ya Jozi ikapepesa, ikatulia.

Wingu hakumngoja aseme. "Sikiliza wewe," alisema, na sauti ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyelia. "Usiniheshimu tena maishani mwako. Umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema Jozi. "Mpumbavu mkubwa we."

Siwema akakaa chini sakafuni akacheka kwa sauti kubwa, na uani wakaanza kupakua wali.